UZI: Miaka mitatu jiko moja na Mreno wa uzamivu, Leiden

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka mingi, leo na mimi nimeona nilete changu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Habari za Wabongo walioko majuu tumezisoma sana: baridi, boksi, karatasi, upweke. Mimi nataka kuwaeleza mtu ambaye kwenye hesabu hiyo huwa hatumweki kabisa, yaani Mzungu aliye ughaibuni kwa Wazungu wenzake. Nimeishi naye Leiden, Uholanzi, kuanzia 2021 hadi 2024: miaka miwili ya shahada ya pili, na mwaka mmoja ule ambao Waholanzi wanampa mhitimu kutafuta kazi.

Siku nahamia nyumba ile, jambo la kwanza nililokutana nalo ni ndoo ya bluu kwenye sinki la jikoni. Ndani mna mapande meupe ya samaki, manene kama kiganja, yamezama majini. Juu pamebandikwa kikaratasi: tafadhali msimwage. Nikainama nikanusa. Wakuu, harufu ile niliijua! Papa mkavu wa sokoni Newala, yule ambaye mama anamloweka usiku ili kesho asituue kwa chumvi. Nilitoka nyumbani siku mbili zilizopita na nilikuwa nimeshaanza kujisikia vibaya, lakini pale kwenye sinki nikacheka peke yangu.

Mwenye ndoo akatokea. Mdada mfupi, miwani, sweta mbili mwilini na Agosti hiyo. Akaniangalia kwa wasiwasi, akauliza kama harufu inanikera. Nikamwambia kwetu tunamla, ila wetu ni papa. Akavuta kiti akakaa. Ndivyo tulivyojuana.

Samaki yule anaitwa bacalhau, tamka bakalyau. Cha ajabu, wala havuliwi Ureno. Anatoka bahari za baridi huko Norwei na Iceland, anakaushwa kwa chumvi, na Wareno wamekuwa wakimla kwa karne nyingi utadhani anazaliwa mlangoni kwao. Analowekwa siku moja hadi mbili na maji yanabadilishwa mara kadhaa. Nilikuwa namsikia saa nane za usiku anashuka ngazi polepole kwenda kubadilisha maji, kama mtu mwenye mtoto mchanga. Mkesha wa Krismasi Ureno nzima inamla huyo huyo, na viazi, kabichi, mayai ya kuchemsha na mafuta ya zeituni juu.

Tulikuwa watano: Waholanzi wawili, Muitaliano, yeye na mimi. Yeye alitokea Coimbra, mji wa Ureno, alikuwa mwaka wa pili wa uzamivu kwenye biolojia, kazi yake ni kuvu wanaoishi kwenye udongo. Sasa hapo kuna kitu wengi hatukijui. Uholanzi mtu wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: mkataba wa miaka minne, mshahara, pensheni, na mwezi wa tano anapokea pesa ya likizo, asilimia 8 ya mshahara wa mwaka. Kwao Ureno wengi wa daraja lake wanaishi kwa bolsa, posho ya ufadhili. Mfanyakazi wa Ureno hulipwa mara 14 kwa mwaka, kuna mshahara wa likizo na mshahara wa Krismasi. Mwenye bolsa analipwa mara 12 na kazi ni ile ile. Alikuwa akisema: "Kwetu nina miaka 29 na bado ni mtoto wa shule. Hapa ni mfanyakazi, naweza hata kuugua kihalali."

Kuugua kwenyewe ndiyo hivyo. Bima ya afya ni lazima, na kuna euro 385 za mwanzo za mwaka unazitoa mfukoni mwako kabla bima haijashika, ingawa kumwona daktari wa mtaani hakuguswi na hizo. Daktari mwenyewe atakwambia umeze paracetamol ulale. Mreno alirudi siku moja na homa, kafura kwa hasira, anapiga mfano wa bibi yake ambaye angeshamchemshia supu ya kuku na kumwitia jirani. Nikamwambia bibi yako na bibi yangu wamesoma chuo kimoja.

Naendelea baadaye, ngoja nile.

#2

Nimeshakaa mkeka mkuu, shusha vitu.

#3 Mleta uzi

Sawa, tuendelee.

Nilidhani Mzungu akienda kwa Mzungu mwenzake anakuwa kama mtu wa Iringa aliyehamia Mbeya. Si hivyo.

Chukua chakula. Mholanzi mchana anakula mkate na jibini, na glasi ya maziwa pembeni, mbele ya kompyuta, dakika kumi na tano kamaliza. Asubuhi unakuta mtu mzima mwenye ndevu anamwagia chenga za chokoleti juu ya mkate wenye siagi. Kwa Mreno chakula cha mchana ni cha moto, kina supu, na kina mtu wa kuongea naye. Wiki za mwanzo pale maabara alikuwa anapasha wali na maharage, ananuka kitunguu saumu ukumbi mzima, wenzake wanamwangalia kwa adabu. Jioni saa kumi na mbili Waholanzi wa nyumba yetu wameshakula na wameosha sufuria. Sisi wawili tunaanza kukata vitunguu saa mbili na nusu. Friji ile ilikuwa na zamu mbili kama kiwanda.

Chukua salamu. Ureno mabusu ya shavuni ni mawili, Uholanzi ni matatu. Kila sherehe lazima nimwone amebusu mara mbili akarudisha kichwa nyuma, huku mama wa Kiholanzi anakuja na la tatu, pua inagonga sikio. Miaka yote ile hakuzoea. Mimi nilikuwa natoa mkono tu, nimejinusuru.

Na heshima je? Ureno profesa haitwi kwa jina. Barua yake ya kwanza kwa msimamizi aliifungua na Mheshimiwa Bwana Profesa Daktari fulani, ndivyo inavyoandikwa kwao, na vyeo vyote juu. Akajibiwa mstari mmoja, jina la kwanza chini, kama ujumbe wa fundi bomba. Akadhani amemuudhi, siku mbili hali vizuri. Kumbe mzee ndivyo walivyo huko, profesa na mfagizi wote wanaitana kwa jina la kwanza. Nikamweleza na mimi nilivyokaribia kumwambia yule mwalimu wangu wa miaka 65 shikamoo, neno limefika kwenye meno nikalimeza. Tukakubaliana tutakuwa tunaamkiana sisi kwa sisi. Nikamfundisha. Akawa kila asubuhi ananipa shikamoo mimi, mdogo wake kwa miaka minne, na akikataliwa anarudia kwa sauti.

Kitu kilichomuumiza zaidi ni kupangiwa. Mreno anamwambia mtu twende tukanywe kahawa, maana yake sasa hivi. Mholanzi anatoa kalenda, anakwambia Alhamisi ya tarehe 23, saa tisa na nusu mpaka kumi na nusu. Tarehe 23 ya mwezi ujao. Alikuwa na hamu ya nyumbani, ya kugongewa mlango bila taarifa. Basi nikaifanya iwe kazi yangu. Namgongea naingia sina shida yoyote, namuuliza umeamkaje, natoka.

Na baridi? Hapo alinishangaza. Kumbe nyumba nyingi za Ureno hazina mfumo wa kupasha joto. Alisoma Coimbra akiwa amevaa koti na glavu za vidole wazi mezani. Anasema hajawahi kusikia baridi Uholanzi kama aliyoisikia ndani ya chumba chake cha kwao. Zile sweta mbili za Agosti zilikuwa mazoea tu.

#4

Mkuu hapo kwenye samaki umenigusa, mimi mtu wa Tanga. Hamkumtia nazi huyo bakalyau?

#5 Mleta uzi

Tulimtia! Tui la kopo, nyanya, ndimu, pilipili. Alikula sahani mbili akasema hii mama yangu asiisikie, maana kwa mama yake bacalhau ni kama msahafu, hauongezi neno. Halafu akatoa kabatini kichupa cha pilipili ya kwao, kimeandikwa piri-piri. Nikamuuliza mmelitoa wapi neno hili? Kamusi za Kireno zenyewe zinasema limetoka Afrika. Na pilipili kali yenyewe asili yake ni Amerika, ni meli za Wareno zilizoisambaza huku kwetu na Asia. Kwa hiyo wao walituletea tunda, sisi tukawapa jina. Tukaacha hivyo, tukala.

Tangu siku hiyo mchezo wetu wa jikoni ukawa maneno. Anashika kitu, nataja. Meza, kwao mesa. Kopo, copo. Foronya, fronha. Leso, lenço. Nanasi, ananás. Parafujo, parafuso. Yule Muitaliano akawa anaona wivu.

#6

Ndugu yangu, sisi huku Mombasa tuna letu moja kubwa mmelisahau. Gereza. Kwa Wareno ni igreja, yaani kanisa. Fort Jesus waliianza 1593, Waomani wakawatoa 1698 baada ya kuwazingira zaidi ya miaka miwili, kisha Mwingereza akaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Muulize huyo dada anajua kanisa lao kwetu limekuwa nini.

#7 Mleta uzi

Nilimuuliza mkuu. Alicheka mpaka akavua miwani. Bibi yake ni mtu wa kanisani kila siku, akasema hilo nalo halipelekwi Coimbra.

#8

Mimi naona mnatulisha huruma. Mzungu ni Mzungu. Huyo ameingia Uholanzi bila viza, wewe umepanga foleni ubalozini na makaratasi kilo mbili. Na hao Wareno si ndio waliokaa Msumbiji mpaka 1975 wakiua watu? Leo tumhurumie kwa sababu ya mabusu mawili?

#9 Mleta uzi

Mkuu, umesema kweli na wala sikatai. Yeye alifika na kitambulisho cha kwao mfukoni, akaandikishwa manispaa, kwisha kazi. Mimi nimelipa kibali, nimelipa bima, na kila mwaka roho juu. Ada yangu ya shahada ya pili bila ufadhili ingekuwa mara kadhaa ya anayolipa kijana wa Ulaya. Tuliishi jiko moja lakini mlango wa kuingilia haukuwa mmoja. Hilo tulilijua wote wawili na tulilizungumza.

Ila la Msumbiji umelileta mwenyewe, basi nikueleze. Nilikuwa sijaamua kama nitalisema.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa ng'ambo, watu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa utawala wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika pale Mueda. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vikaanza 1964, na bibi akavuka Ruvuma na watoto wawili na mtungi, akaishia Newala. Mama yangu alizaliwa upande huu.

Jioni moja ya Februari, mvua ile ya Uholanzi inayokuja ya kulala, Mreno ananionyesha picha za ukoo wao ambazo mama yake amemtumia kwenye kifurushi pamoja na soseji. Anazipanga mezani moja moja. Kwanza ikaja nusu picha ya kijana, imechanwa katikati ya uso. Nikauliza. Kumbe miaka ya sitini Wareno kwa maelfu walikuwa wanatorokea Ufaransa kwa miguu, wanapita mipaka miwili bila karatasi, wao wakiita kwenda "kwa kuruka". Mtu akiondoka anachana picha yake, nusu anaiacha kwa mama, nusu anakwenda nayo. Akifika salama anaituma ile nusu kwa barua. Zikikutana ndipo familia inammalizia mvushaji fedha yake. Huyo alikuwa kaka wa babu yake, alikimbia ufukara na kukimbia jeshi.

Mimi nikakaa nikawaza zile boti za Mediterania, sikusema kitu.

Halafu ikaja ya babu mwenyewe, aliyebaki. Kijana mwembamba wa miaka ishirini na moja hivi, magwanda yamempwaya, kashika kikombe cha bati, nyuma yake kuna mwembe. Akaigeuza anisomee maandishi ya wino. "Mueda, 1970." Akasema, hata sijui ni wapi, ni huko Msumbiji ndani.

Nikamwambia Mueda ni kwa bibi yangu.

Bomba lilikuwa linadondosha. Aliilaza ile picha kifudifudi. Baada ya muda akaigeuza tena ikatuangalia. Akanyanyuka akachemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Kesho yake alimpigia babu yake simu. Mzee hajawahi kuwasimulia vita hata siku moja. Alipoambiwa nyumbani kwetu kuna kijana ambaye kwao ni Mueda, aliuliza swali moja tu: asubuhi bado kuna ule ukungu wa baridi? Mimi nami nikapiga nyumbani. Bibi alinyamaza sana, nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza huyo binti anapika mwenyewe au anapikiwa. Mama yangu ndiye alikuja juu. Alisema, unakula meza moja na wajukuu wa watu wale? Akakaa wiki mbili hajanipigia.

Kwa hiyo mkuu, sikuleta huruma. Nimekuambia ilivyokuwa.

#10

Dah. Mimi niliingia kucheka habari za mabusu.

#11

Niko Luxembourg mwaka wa sita. Hapa Wareno ndio wageni wengi kuliko taifa lingine lolote, ujenzi wao, usafi wao, siku hizi na mabenki wapo. Wale wazee wa kwanza na hawa vijana wa madigrii hawakai baa moja. Swali: huyo wako alikuwa na shirika na Wareno wenzake?

#12 Mleta uzi

Kidogo. Juni sikukuu ya Mtakatifu Antonio walikuwa wanakutana kuchoma dagaa wakubwa, sardinha, uwanjani mpaka majirani wanapiga simu. Lakini alikuwa na msemo wake kwamba yeye ni wa wimbi la tatu. La kwanza babu mdogo wa Ufaransa. La pili kaka yake, muuguzi, aliyekwenda Uingereza kipindi Ureno imekopeshwa euro bilioni 78 mwaka 2011 na kazi zimekauka. Mwisho wa mwaka ule waziri mkuu wao alisema hadharani kwamba walimu wasio na ajira wanaweza kutazama nchi nyingine zinazosema Kireno. Kauli ile mpaka leo ukiitaja mezani chakula kinapoa.

Na msimuulize habari ya saudade, neno lao la ile hamu ya mtu au ya nyumbani. Kila Mholanzi akijua yeye ni Mreno anamwambia, ooh, mna lile neno lisilotafsirika! Anajibu lina tafsiri, ni kodi ya chumba.

#13

Vipi uraia na kura? Sisi Wabongo uraia pacha bado ni wimbo.

#14 Mleta uzi

Wao uraia pacha ruksa. Na walioko nje wana wabunge wao, wanne kati ya 230, wawili wa Ulaya na wawili wa kwingineko. Wanapiga kura kwa posta. Ila usidhani kwao kila kitu kimenyooka: uchaguzi wa Januari 2022 kura zaidi ya 150,000 za walioko Ulaya zilifutwa, kwa sababu zenye nakala ya kitambulisho zilichanganywa na zisizo nayo, ikabidi warudie Machi. Alirudia. Nilimsindikiza posta, njia nzima analaani kwa Kireno, baiskeli inayumba. Baiskeli yenyewe alijifunzia ukubwani. Coimbra ni milima mitupu.

#15

Mleta uzi malizia basi, alipata hiyo PhD au aliishia njiani?

#16 Mleta uzi

Alipata, Juni 2024.

Leiden ndicho chuo kikongwe kuliko vyote Uholanzi, cha 1575, na utetezi wao wa tasnifu ni kama harusi ya kifalme. Kabla ya kuingia ukumbini unakaa kwenye kichumba wanachokiita chumba cha jasho. Kuta zake zimejaa saini za waliotangulia, na wewe ukishafaulu unaruhusiwa kuandika yako. Mtetezi anasimama na wapambe wawili waliovaa rasmi. Mmoja nilikuwa mimi, na koti la kuazima lenye mkia, mikono imenizidi.

Mama yake alikuja kwa ndege na sanduku ambalo nusu ni nguo na nusu ni samaki. Hajui Kiingereza, hajui Kiholanzi. Alikaa mstari wa mbele, pochi mapajani, dakika zote anamkodolea mwanawe anayebanwa maswali na watu sita wenye majoho. Utaratibu ni dakika 45 kamili. Zikifika, mshika fimbo wa chuo anaingia, anagonga fimbo chini na kutamka Kilatini: "Hora est." Saa imefika. Hapo hata kama uko katikati ya sentensi unaikatisha.

Alikuwa katikati ya sentensi. Fimbo ikagonga. Hora, kwa Kireno, ni hora hiyo hiyo. Ndilo neno la kwanza mama yule alilolielewa tangu aingie ukumbini. Alisimama, peke yake, ukumbi mzima umekaa, akajitia pochi begani na kumwita binti yake kwa mkono: haya, saa imefika, twende.

Mwenye joho wa katikati alishindwa kujizuia, akacheka. Mreno wangu akacheka huku analia, na mimi mpambe ndio kabisa.

Usiku tulikula sanduku lile. Mama mtu alinikalisha kulia kwake, akawa ananiongezea bila kuniuliza. Alimuuliza binti yake jambo moja mara tatu, nami kwa Kireno changu cha jikoni nikalishika: unarudi lini? Serikali yao ilikuwa inawasamehe wanaorudi kodi kwenye nusu ya mapato ya kazi, miaka mitano, alishazipigia hesabu zote. Akajibu bado, mama.

Sasa yuko Denmark, mkataba wa miaka miwili. Mimi niko Dodoma. Juzi Ijumaa kanitumia picha bila maneno: jiko jingine, sinki jingine, ndoo ile ile ya bluu na kikaratasi juu yake.

Nimemjibu: shikamoo. Umebadilisha maji?